Kuichelewesha Figo Isichoke: Niliyojifunza Katika Matibabu ya Kisukari

Figo inayoharibiwa na kisukari haiumi. Kwa miaka mingi haimzuii mtu kulala, kutembea wala kufanya kazi zake, na ndiyo maana wengi wetu huujua ugonjwa huu kwa karatasi ya maabara kabla hatujaujua kwa mwili. Mimi nilikuwa nimeshazoeana na kisukari cha aina ya pili nilipoambiwa kwamba mkojo wangu una protini ambayo haikupaswa kuwamo, na tangu hapo nimekuwa nikimeza vidonge ambavyo sijawahi kuhisi vikinifanyia lolote. Ninaandika kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa vidonge vya namna hiyo na anajiuliza, akiwa peke yake, kama kweli vina kazi. Vina kazi, tena inayopimika. Tatizo ni kwamba kipimo chake kinataka kusomwa kwa subira, na katika wiki za mwanzo kinaweza kusomeka kinyume kabisa cha hali ilivyo.

Vipimo vyenyewe ni viwili. Cha kwanza hutoka kwenye mkojo: maabara hupima albumini, ambayo ni protini ya damu, na kuilinganisha na kreatinini, yaani taka ya misuli inayotolewa na figo, iliyomo kwenye mkojo huo huo, ili jibu lisipotoshwe na wingi wa maji aliyokunywa mtu. Chini ya miligramu 30 kwa kila gramu moja ya kreatinini huhesabiwa kuwa ni kawaida; kati ya 30 na 300 vichujio vya figo vimeanza kuvuja; zaidi ya 300 uvujaji ni mkubwa. Cha pili hutoka kwenye damu: kiwango cha kreatinini hufanyiwa hesabu pamoja na umri na jinsia, na kutoa makadirio ya uwezo wa figo wa kuchuja, kwa mililita kwa dakika. Kijana mwenye afya huwa na 90 au zaidi. Namba hiyo ikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo, na ikishuka chini ya 15 figo zinahesabiwa kuwa zimeshindwa, na habari ya kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo haikwepeki tena.

Nilichokuja kuelewa taratibu ni kwamba vipimo hivi viwili si lazima viende sambamba. Mtu anaweza kuwa na uchujaji mzuri huku mkojo wake ukivuja protini nyingi, na mara nyingi huyo ndiye atakayepoteza figo haraka kuliko mwenzake mwenye uchujaji mdogo lakini mkojo safi. Mimi nilikutwa na 56 upande wa uchujaji na 420 upande wa albumini, na daktari aliitazama ile ya pili kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo alitaka mkojo upimwe tena kabla ya kuhitimisha, kwa sababu albumini hupanda kwa muda mtu akiwa na homa, akiwa na maambukizi ya njia ya mkojo, sukari yake ikiwa juu sana au akiwa ametoka kufanya mazoezi mazito. Utaratibu unaofuatwa ni kwamba sampuli mbili kati ya tatu, zilizochukuliwa ndani ya miezi mitatu hadi sita, ziwe juu. Mdogo wangu, ambaye naye ana kisukari, aliwahi kupata 64 akiwa na homa, akakosa usingizi kwa hofu, na aliporudia akiwa mzima akapata 19. Mkojo unaofaa zaidi ni ule wa kwanza wa asubuhi, tena wa katikati, yaani mtu auache wa mwanzo upite ndipo akinge chombo. Kile kijiti cha kuchovya kinachobadilika rangi, ambacho wengi tumepimwa nacho tukaambiwa kwamba figo ni nzima, hakitoshi kwa kazi hii, kwa kuwa kinaweza kuonyesha kwamba hakuna protini hali albumini imeshapita 30.

Kabla ya kueleza dawa ni lazima nieleze zinapambana na nini, maana bila hilo zote zitaonekana kuwa ni rundo la majina. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha mishipa myembamba ya damu chenye mshipa wa kuingiza na mshipa wa kutoa. Kisukari kinapokaa mwilini kwa muda mrefu, mshipa wa kuingiza hulegea na ule wa kutoa hukaza, hivyo damu husongamana katikati kwa shinikizo kubwa, kama maji kwenye mpira ambao bomba lake limefunguliwa hadi mwisho huku mtu akiubana mdomo. Mwanzoni kichujio hufanya kazi kupita kiasi, na namba ya uchujaji inaweza hata kupendeza machoni. Baadaye ukuta wake huharibika, protini huvuja na makovu hujijenga. Kovu la kichujio haliponi, na kichujio kilichokufa hakioti tena. Kwa hiyo hakuna dawa kati ya hizi inayorudisha figo ilivyokuwa. Kazi yake ni kupunguza kasi ya kuvipoteza vichujio vilivyobaki. Dawa mbili za kwanza nilizopewa zinaeleweka kwa picha hiyo hiyo ya mpira: moja huachia mdomo, nyingine hupunguza bomba.

Ile inayoachia mdomo ni ya ukoo wa zamani. Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu 409 wenye kisukari cha aina ya kwanza na protini kwenye mkojo, ambamo kaptoprili ilipunguza kwa nusu hatari ya kufa, kusafishwa damu au kupandikizwa figo. (Kaptoprili, kwa anayependa habari za namna hii, ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili, kidonge chenyewe hakina sumu hiyo.) Mwaka 2001 zikafuata tafiti mbili kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili, moja ya losartani na nyingine ya irbesartani, na katika ile ya losartani hatari ya figo kushindwa kabisa ilipungua kwa asilimia 28. Mimi nilianzishiwa enalaprili, ambayo ni ndugu wa kaptoprili, ikaniletea kikohozi kikavu kisichosikia dawa, jambo linalojulikana sana kwa kundi hilo, nikahamishiwa losartani na kikohozi kikaisha. Cha msingi ni kutumia kundi moja tu kati ya hayo mawili, la kaptoprili au la losartani. Wapo waliodhani kwamba kama moja inasaidia, mawili kwa pamoja yatasaidia zaidi, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ambao uliunganisha losartani na lisinoprili, ndugu mwingine wa kaptoprili, ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu waliopewa zote mbili walipandisha potasiamu na kuumia figo kwa ghafla mara nyingi zaidi. Mwanamke mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, hapaswi kutumia dawa za makundi haya, kwa kuwa zinamdhuru mtoto aliye tumboni. Hilo lisemwe kabla ya dawa kuandikwa.

Kilichonishangaza ni ukubwa wa dozi. Presha yangu ilikuwa imeshashuka mahali pazuri kwa miligramu 50 za losartani, nami nikaona tumefika, lakini daktari akaongeza hadi 100. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mzee wangu, hapa hatutibu presha peke yake. Dozi iliyolinda figo kwenye tafiti ni hii kubwa, na mwili wako unaibeba. Kwa nini tuishie njiani?" Nimekuja kuona kwamba wagonjwa wengi hubaki miaka na miaka kwenye dozi ya kuanzia, si kwa sababu ya madhara, bali kwa sababu kila anayewapokea huona presha ni nzuri na kuandika tena kile kile kilichoandikwa mwanzo. Ni swali linalofaa kuulizwa kwa heshima: je, dozi hii ndiyo ya juu ninayoweza kuibeba?

Presha yenyewe nimejifunza kuipima nyumbani. Ninakaa kimya kwa dakika tano, mgongo ukiwa umeegemea kiti na nyayo zote mbili zikigusa sakafu, kibofu kikiwa kitupu, mkono ukiwa umelazwa kwenye meza kwa usawa wa moyo na mkanda ukiwa juu ya ngozi wala si juu ya shati, kisha ninapima mara mbili na kuandika zote. Lengo linalotajwa zaidi kwa mwenye kisukari ni chini ya 130 kwa 80, ingawa mwongozo wa kimataifa wa figo wa mwaka 2021 unapendekeza namba ya juu iwe chini ya 120 kwa anayeweza kuvumilia, ikipimwa kwa utaratibu huo makini. Kupunguza chumvi hadi chini ya gramu tano kwa siku kunaisaidia losartani kufanya kazi yake, maana chumvi nyingi huipunguzia nguvu.

Dawa ya pili, ile inayopunguza bomba, ni ya kundi la empagliflozini, dapagliflozini na kanagliflozini. Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban gramu 180 za sukari kila siku na kuirudisha karibu yote kwenye damu. Dawa hizi huziba sehemu ya mlango wa kuirudishia, ikatoka na mkojo pamoja na chumvi kidogo, na chumvi hiyo inapopita kwenye mfereji wa figo huwa ishara ya kukaza mshipa wa kuingiza, hivyo shinikizo ndani ya kichujio likashuka. Asili yake ni florizini, iliyopatikana kwenye gome la mzizi wa mtufaha mwaka 1835, na zilipotengenezwa zilikusudiwa kuwa dawa za sukari basi. Mwaka 2015 zikaanza kuonekana faida zake kwa moyo. Mwaka 2019 ukatoka utafiti wa CREDENCE wa kanagliflozini, wenye watu 4,401 ambao wote walikuwa na kisukari cha aina ya pili na albumini nyingi, na wote walikuwa tayari wanatumia dawa ya kundi la kwanza, yaani ya zile zinazoachia mdomo, kama losartani au kaptoprili. Hatari ya figo kushindwa, kreatinini kupanda maradufu, au kufa kwa sababu ya figo au moyo ikapungua kwa asilimia 30, hata utafiti ukasimamishwa mapema kwa kuwa jibu lilikuwa limeshapatikana. Mwaka uliofuata ukaja DAPA-CKD wa dapagliflozini, wenye watu 4,304, na karibu theluthi moja yao hawakuwa na kisukari kabisa, nao wakafaidika.

Hilo la wasio na kisukari lilinisaidia kuelewa jambo lililokuwa likinisumbua. Nilipoanza empagliflozini nilitarajia kuona sukari ikishuka sana kwenye kipimo cha kidole, na haikushuka kwa kiasi cha kujivunia. Sababu ni kwamba kadiri uchujaji unavyopungua ndivyo sukari inayopita kwenye figo inavyopungua, na ndivyo dawa inavyokuwa na kidogo cha kutoa. Kinga ya figo haitegemei kushuka huko kwa sukari. Anayeacha dawa hizi kwa sababu tu sukari haijashuka anaipima dawa kwa rula isiyo yake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Wiki chache baada ya kuanza dawa hiyo nilirudia kipimo cha damu, na uchujaji uliokuwa 56 ukawa 52. Nilikuwa nimeonywa, kwa hiyo sikushtuka kama ambavyo ningeshtuka, lakini mgonjwa mwenzangu niliyekuwa nikikutana naye kwenye benchi la kusubiri hakuonywa na mtu. Naye aliona namba imeshuka, akaenda kuuliza mahali pengine, na huko wakaziweka karatasi mbili kando kwa kando na kumwambia aache dawa inayomharibu figo. Aliacha. Hakuna aliyemweleza kwamba shinikizo ndani ya kichujio likishuka ni lazima kiasi kinachochujwa nacho kipungue kidogo, na kwamba kushuka huko kwa mwanzo ni alama ya dawa kufika ilikokusudiwa. Ni hivyo hivyo kwa losartani na ndugu zake: kreatinini inaweza kupanda hadi asilimia 30 ndani ya wiki nne za kuanza au kuongeza dozi bila kuwa sababu ya kuacha dawa. Ikipanda zaidi ya hapo, daktari hutafuta chanzo, kama vile upungufu wa maji mwilini, dawa nyingine inayogongana nayo au mshipa mkubwa wa figo uliosinyaa.

Takwimu za CREDENCE zinaonyesha mambo haya waziwazi kuliko maelezo yoyote. Katika wiki tatu za kwanza waliopewa dawa walipoteza wastani wa 3.72 kwenye uchujaji, hali waliopewa kidonge kisicho na dawa walipoteza 0.55 tu. Aliyefunga daftari hapo angeapa kwamba dawa inaua figo. Lakini kuanzia hapo na kuendelea, waliokuwa kwenye dawa walipoteza wastani wa 1.85 kwa mwaka, na wenzao 4.59. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu yangu mwenyewe. Kutoka 52 hadi 15 ni hatua 37. Kwa mwendo wa 4.59 kwa mwaka, hatua hizo zinakwisha kwa miaka minane. Kwa mwendo wa 1.85, zinakwisha kwa miaka 20. Ninajua kwamba wastani wa watu maelfu hauwezi kumtabiria mtu mmoja, na kwamba ugonjwa hauendi kwa mstari ulionyooka, lakini tofauti ya miaka minane na miaka 20 ndiyo iliyonifanya niache kuvitazama vidonge vile kama mzigo. Upande wa mkojo, albumini yangu ilishuka kutoka 420 hadi 180 baada ya dawa zote mbili kukaa vizuri, na hiyo ndiyo namba iliyonipa moyo mapema, kwa kuwa hiyo hushuka ndani ya miezi wakati mwendo wa uchujaji unahitaji miaka kueleweka.

Dawa za kundi hili zina madhara ambayo watu huona haya kuyasema. Sukari ikipita kwenye mkojo, fangasi hupata chakula, na sehemu za siri zinaweza kuwasha na kuwa nyekundu, kwa wanawake na kwa wanaume pia. Muuguzi aliyenifundisha hakuzunguka: "Mzee, ukishajisaidia jisafishe kwa maji na ujikaushe, na ukiona kuwashwa njoo siku hiyo hiyo, usikae nalo kwa aibu." Ni tatizo dogo lenye tiba, lakini limewafanya wengi waache dawa kimyakimya. Lililo kubwa zaidi, ingawa ni la nadra, ni damu kujaa asidi ya ketoni, na hatari yake ni kwamba linaweza kutokea sukari ikiwa haijapanda sana, hivyo mgonjwa na hata mhudumu wakakosa kulishuku. Kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa kasi kwa mtu anayetumia dawa hizi ni sababu ya kwenda hospitali na kutaja jina la dawa, hata kama kipimo cha kidole kinaonyesha sukari ya wastani. Kwa sababu hiyo hiyo dawa hizi husimamishwa siku tatu au zaidi kabla ya upasuaji uliopangwa.

Hapo ndipo inapoingia kanuni ya siku za kuugua, ambayo kwa maoni yangu inastahili kufundishwa siku ile ile dawa inapoandikwa, wala si baadaye. Mtu akitapika, akiharisha au akishindwa kula na kunywa, mwili hupungukiwa na maji, na dawa ambazo siku za kawaida huilinda figo zinaweza kuiumiza siku hiyo. Kwenye kadi yangu yameandikwa majina ya dawa za kusimamisha kwa muda katika hali hiyo: empagliflozini, losartani, metformini (dawa ya kushusha sukari) na dawa ya kupunguza maji mwilini. Insulini haimo kwenye orodha ya kuachwa. Dozi yake hurekebishwa kwa kufuata kipimo, na haiachwi kiholela. Upande wa nyuma imeandikwa kwamba dawa zilizosimamishwa zirejeshwe mtu akishakula na kunywa kawaida kwa saa 24 hadi 48. Sentensi hiyo ya nyuma naiona kuwa na uzito sawa na ya mbele, kwa kuwa wengi huacha dawa kwa sababu ya kuharisha kwa siku mbili na kukaa miezi bila kuirejesha.

Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki ni adui wa kimya wa figo za namna hii. Hukaza mshipa wa kuingiza damu, na zikikutana na losartani pamoja na dawa ya kupunguza maji, figo inaweza kuporomoka ndani ya siku chache. Kwa maumivu ya kawaida nimeelekezwa kutumia parasetamoli. Kuhusu dawa za asili nitasema moja tu: iko mimea yenye asidi ya aristoloki ambayo imeharibu figo za watu na hata kuwaletea saratani ya njia ya mkojo, na mtu anayenunua unga usio na jina hawezi kujua kama imo.

Dawa ya tatu niliyoongezewa ni finerenoni. Hii huzuia homoni ya aldosteroni kuchochea uvimbe na makovu ndani ya figo na moyo, yaani inashughulikia sehemu ya ugonjwa ambayo haihusu shinikizo peke yake. Utafiti wake wa FIDELIO-DKD, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba hatari ya figo kushindwa, uchujaji kuporomoka au kufa kwa sababu ya figo ilipungua kwa asilimia 18 kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili ambao walikuwa tayari kwenye dawa ya kundi la kwanza. Faida hiyo si kubwa kama ya kundi la pili, lakini inaongezeka juu yake. Gharama yake mwilini ni potasiamu. Figo iliyopungua nguvu hushindwa kuitoa vizuri, losartani huipandisha kidogo, finerenoni huipandisha tena, na potasiamu ikipita kiasi inaweza kuuvuruga mwendo wa moyo bila dalili ya kutangulia. Ndiyo maana kipimo cha damu hurudiwa wiki nne baada ya kuanza, na ikipita 5.5 dawa husimamishwa kwanza. Nimejifunza pia mambo mawili madogo yenye maana: kwamba sampuli ya damu ikivutwa kwa nguvu au ikichelewa kufika maabara, chembe hupasuka na kumwaga potasiamu yake, hivyo jibu la juu lisilotarajiwa hurudiwa kabla ya kumwachisha mtu dawa, na kwamba chumvi mbadala zinazouzwa kwa wenye presha mara nyingi ni kloridi ya potasiamu, yaani kitu kile kile ninachokikimbia.

Semaglutidi, ambayo watu wengi wanaijua kwa habari za kupunguza uzito, imejiunga na safu hii. Utafiti wa FLOW wa mwaka 2024, wenye watu 3,533 waliokuwa na kisukari cha aina ya pili na ugonjwa wa figo, ulisimamishwa mapema baada ya kuonekana kwamba matukio makubwa ya figo na vifo vya moyo vimepungua kwa asilimia 24. Mimi sijaanzishiwa, ila nimeelezwa kwamba ni hatua inayoweza kufuata. Dawa ya kushusha lehemu ninaitumia pia, kwa kuwa mwenye ugonjwa huu yumo katika hatari kubwa ya moyo na kiharusi, hata kabla figo haijashindwa.

Na sukari yenyewe? Utafiti wa DCCT wa mwaka 1993, kwa watu wenye kisukari cha aina ya kwanza, uliweka wazi kwamba kuidhibiti mapema kunazuia madhara ya figo, macho na neva kwa kiasi kikubwa. Lakini kwa mtu ambaye figo yake imeshapungua, lengo la kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) hupangwa mtu kwa mtu, kwa kawaida kati ya 6.5 na 8 kwa asilimia, kwa sababu figo dhaifu huchelewa kuiondoa insulini mwilini na sukari inaweza kushuka ghafla kwa dozi ile ile iliyokuwa sawa mwaka uliopita. Anayeona kwamba anahitaji insulini kidogo kuliko zamani asishangilie kabla hajapima figo. Metformini nayo hupunguzwa uchujaji ukishuka chini ya 45 na huachwa ukishuka chini ya 30.

Nilimwuliza daktari mapema kuhusu mwisho wa njia, kwa kuwa sikutaka kuusikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimeshaufikia. Empagliflozini na wenzake huanzishwa uchujaji ukiwa angalau 20, lakini aliyekwisha kuanza huendelea nazo hata namba ikishuka chini ya hapo, mpaka atakapoanza kusafishwa damu au kupandikizwa. Uchujaji ukishuka chini ya 30 nitapelekwa kwa bingwa wa figo, na mazungumzo ya kupandikizwa yanaweza kuanza kabla mashine haijahitajika, kwa kuwa aliye na mtu wa kumtolea figo tayari anaweza kuivuka hatua ya mashine kabisa. Kwa sasa uchujaji wangu ni 49 na albumini ni 150. Finerenoni yangu imepandishwa kutoka miligramu 10 hadi 20, na baada ya wiki nne nitapima tena potasiamu na kreatinini.